Mtani Aliyegeuka Mkwe

Theodora Mughwai anashona sare za shule pale Utemini, mjini Singida, na ukimwona kwenye cherehani yake, miwani imeteremka puani, utadhani hajawahi kucheka tangu azaliwe. Wateja wapya humwogopa. Mzazi akileta kitambaa kilichopungua robo mita, Theodora humtazama yeye, hutazama kitambaa, kisha humuuliza kama mtoto mwenyewe yuko mzima au naye alipunguzwa dukani. Wenyeji waliokaa kwenye benchi hucheka. Mgeni huomba radhi.

Wageni hao hawajui kwamba kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyu alikuwa akiwavunja watu mbavu kwenye minada, harusi na mikutano ya vijiji, kuanzia Mgori hadi Rungwa kule kwa warina asali, yeye na kikundi chake kiitwacho Tupeni Jambo. Lakini nisikudanganye, hii si habari ya kuchekesha. Theodora ana hasira, na ana haki nayo. Ubaya wa hasira yake ni kwamba hapati wa kumkasirikia, maana kila mtu katika habari hii alifanya jambo la heshima.

Kikundi kilizaliwa msibani. Leonard, mume wa Theodora, alikufa ghafla mwezi wa kupalilia, na kati ya watu waliokuja kuzika alikuwamo Hezekia, fundi baiskeli wa pale mjini, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi. Wanyaturu, kama akina Leonard, na Wanyiramba ni watani, na mtani msibani ana kazi yake ambayo hakuna wa kumzuia. Hezekia aliingia ndani, akachomoa koti la marehemu ukutani, akalivaa, akatoka uani akitembea kwa mwendo wa Leonard, bega moja juu, akipiga chafya tatu tatu kama alivyokuwa akipiga mwenyewe.

"Nimekwenda mara moja tu kukagua kiwanja changu kule makaburini," akafoka, "narudi nakuta watu wamejaa kwangu wanakula kuku wangu! Nani kawaalika?"

Watu wakaangua kicheko. Theodora alikuwa amekaa mkekani, khanga kichwani, siku mbili hajatia kitu mdomoni. Akaifunua khanga.

"Kama wewe ni Leonard kweli," akasema, "panda kwanza juu ukazibe lile bati. Mwaka wa sita huu unasema kesho."

Hezekia hakusita hata kidogo. "Bati? Mimi nimepata nyumba isiyotaka bati. Unafikiri nimehama kwa nini?"

Uwanja mzima ulivunjika mbavu, hata mchungaji akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Theodora alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka tena, na jioni ile akaomba uji. Mpaka leo anaamini kwamba bila yule mtu ndani ya lile koti, angemfuata mumewe.

Arobaini ilipokwisha Hezekia akaja dukani kwake na kumwambia kwamba watu bado wanayasimulia mambo ya siku ile, sasa kwa nini wasiendelee? Wakaendelea. Wakamchukua Rukaiya, binti mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mnada, awe mtangazaji na mshika ratiba. Wakamchukua na Noel, mpiga ngoma, mtu mpole, mzito wa kuelewa, ambaye ukimwambia kitu cha kuchekesha asubuhi hucheka mchana.

Hawakuandika maigizo. Mashirika yaliwaomba mara nyingi walete maandishi kwanza yasomwe, na Theodora alijibu kila mara kwamba hana cha kuandika kwa sababu hajui atakachosema. Rukaiya alisimama mbele ya watu akapaza sauti, "Tupeni jambo!" na watu wakatoa jambo lolote, ndoa, choo, mbuzi aliyepotea, na papo hapo Theodora na Hezekia wakaingia uwanjani. Walikuwa na sheria moja tu, nayo ni kupokea. Mwenzako akisema wewe ni daktari, wewe ni daktari. Akisema wewe ni mbuzi, anza kutafuna. Ukikataa umemvua mwenzako nguo mbele za watu.

Kilichobaki kilikuwa utani. Mtu wa mnadani akisema, "Hospitali!" Hezekia alimshika Theodora mkono akamleta kwa Noel. "Daktari, nimekuletea Mnyaturu. Kichwa usimpime, hicho hakijatumika, bado kipya." Naye Theodora akajibu, "Daktari, anza na huyu Mnyiramba. Tangu juzi alialikwa chakula cha mchana na bado hajaaga." Wangeweza kwenda hivyo saa nzima, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake neno kabla halijafika chini. Kulikuwa na wambea waliosema yule mjane na yule fundi wana lao jambo. Hawakuwa na lolote. Selina, mke wa Hezekia, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele akishika mbavu. Theodora mwenyewe alisema waziwazi kwamba waume wanapatikana, lakini mtu anayejua utakachosema kabla hujakisema humpati mara mbili.

Sasa tuje kwenye jembe.

Mwaka juzi walikuwa mnadani huko Iramba, jua la saa nane, watu wamekunywa na kushiba. Rukaiya akaita, mama mmoja muuza vitunguu akapaza sauti, "Posa!" Hezekia akaruka kwa muuza majembe, akaazima moja lililokuwa halijatiwa mpini, akaja nalo mikono miwili kama wazee wanavyolipeleka jembe la posa, akapiga goti mavumbini.

"Mama," akasema, "tumepita hapa tukaona moshi. Tumekuja kuomba jiko."

"Jiko la nani?" akauliza Theodora. "Jiko langu mimi linachagua vyungu."

"La kijana wangu Philipo, fundi umeme. Tunamtaka binti yako Janeth."

Philipo alikuwa mtoto wake kweli. Janeth alikuwa mtoto wa Theodora kweli, mwalimu wa shule ya msingi. Theodora alijua, lakini uwanjani huna nafasi ya kujua. Alilipokea jembe, akaligonga kwa kidole kusikia linavyolia, akalipandisha juu watu walione.

"Nimekubali!" akasema. "Ila mjue Janeth hali mlenda uliolala!"

Vigelegele vikapigwa, ngoma ya Noel ikaingia, mchezo ukaisha. Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Antipasi, baba mdogo wa Hezekia, alikuwa amekuja mnadani kuuza mbuzi, naye alisimama pale na kamba yake mkononi, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na jambo kubwa.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, watu wametoka kanisani, Mzee Antipasi akabisha hodi Utemini. Alikuwa na wazee wawili, ndoo ya asali, na jembe lile lile. Alikuwa amelinunua.

"Shikamoo baba," Theodora akasema, akafuta kiti kwa khanga.

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kwa lile neno letu."

"Neno lipi, baba?"

"La Iramba. Jembe ulilipokea mbele ya watu."

Theodora akacheka. Akaona wazee hawacheki, akaacha. "Baba, yale yalikuwa maigizo. Ndiyo kazi yetu, tunaokota chochote kinachokuja mdomoni."

"Maigizo ni pale unapotaja jina la uongo," Mzee Antipasi akasema, bila ukali. "Ninyi mlitaja watoto wenu, na mimi baba yake nilikuwepo, na watu walikuwepo. Mtu mzima halichezei jembe, mwanangu."

Theodora akafungua mdomo, na nakwambia huyu ni mwanamke ambaye jibu halijawahi kumpotea, lakini kabla halijatoka pazia la chumbani likasogea. Janeth akatoka. Akapiga goti, akawaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akamgeukia mama yake macho yamemtoka.

"Mama, usikatae."

Kumbe watoto walikuwa wanajuana mwaka wa pili sasa. Walikutana hapo hapo nyuma ya ngoma za kikundi, wakisubiri wazazi wao wamalize kutukanana, na walikuwa hawajui waanzie wapi kusema. Hezekia aliapa kwamba hakuwa anajua lolote, majina yalimjia tu, na Theodora alimwamini kwa sababu hata yeye majina yalimjia hivyo hivyo.

Hakukataa. Tena alifurahi, tusimsingizie. Alichinja jogoo wawili, akaita majirani, akacheza siku ile kuliko vijana. Kijana alikuwa mzuri, nyumba ilikuwa njema. Katika watu wote waliokula pilau ile hakuna hata mmoja aliyefikiria lililokuwa linakuja, na yeye ndiye anayejilaumu zaidi, maana yeye ndiye mwenye akili ya haraka.

Jumatatu asubuhi Hezekia akapita dukani. Kwa miaka yote ile aliingia bila hodi, akisukuma mlango kwa mguu, huku akimtukana Theodora kuhusu miwani yake, cherehani yake au kabila lake lote kwa pamoja. Siku hiyo alisimama nje ya kizingiti. Akavua kofia.

"Hodi, mkwe. Mmeamkaje hapa?"

Theodora alidhani ameanza mchezo, akapokea. "Karibu ndani, Mnyiramba. Ila viatu uache hapo nje, pamoja na hizo akili ulizoazima."

Hezekia hakucheka. Alitazama chini, akaizungusha kofia vidoleni. "Mkwe, tusifanye hivyo tena," akasema polepole. "Sasa sisi ni wakwe."

Hapo ndipo lilipomwingia. Mtani unamtukana mpaka kaburini na hakuna kesi. Mkwe humtanii, humwiti kwa jina lake, humkodolei macho. Ukisema naye unasema kwa staha na kutazama pembeni. Watu wa kwao Hezekia hawana mzaha na jambo hilo, na hata kwao Theodora ni hivyo hivyo, mama yake mwenyewe alikuwa akikatiza njia porini ili asikutane na mkwe wake. Alijua yote hayo tangu utotoni. Alikuwa hajajumlisha tu.

Alijipa moyo kwamba uwanjani itakuwa tofauti. Mchezo wa kwanza baada ya posa ulikuwa kwenye harusi ya watu wengine, pale pale mjini. "Tupeni jambo!" Rukaiya akaita, na watu wakajibu, "Mlevi na mkewe!" Jambo jepesi, jambo walilolicheza mara mia. Theodora akashika kiuno.

"Umetoka wapi saa hizi, we mwanamume, unanuka kama pipa la pombe?"

Hezekia akaja akiyumba vizuri kabisa. Akafika mbele yake, akamwona, akasimama wima.

"Samahani sana, mama," akasema. "Umesema kweli." Akaenda kukaa.

Mchezo ulichukua dakika moja. "Mlevi gani anaomba samahani?" mtu akapiga kelele kutoka meza za nyuma, na hicho ndicho kicheko pekee kilichopatikana siku ile.

Theodora alimsubiri nje, hasira zimempanda. "Hezekia, umeniacha pale kama kinyago!"

"Nilitaka kujibu, mkwe. Mungu ananiona. Neno lilikuja mpaka hapa." Akagusa koo. "Nikamwona mama yake Janeth. Likarudi."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Angekuwa mvivu angemfokea. Angekuwa na kiburi angempiga na kiatu. Lakini alikuwa analinda ndoa ya watoto wao, ya mtoto wake yeye Theodora, na aliilinda kwa unyenyekevu wa kukera. Miezi ikapita. Wakaalikwa mara nne, wakaharibu mara nne. Theodora akajaribu kucheza na Noel. Akamwambia mbele ya watu, "Mheshimiwa chifu, wananchi wako tuna njaa!" Noel akafikiri, akasema, "Ndiyo." Watu wakasubiri. Noel akafikiri tena, akaongeza, "Ndiyo, mimi ni chifu." Theodora alirudi nyumbani siku hiyo akakata kola za mashati kumi na mawili kinyume, na ilibidi anunue kitambaa kingine.

Alikosa usingizi, akakosa hamu ya kula, akawa mkali kwa watoto wa watu waliokuja kupimwa sketi. Kuna mchana mmoja Janeth alikuwa anamsaidia kupiga pasi, zimebaki wiki sita harusi ifungwe, Theodora akajikuta anasema, "Hivi wewe na Philipo mna uhakika? Hamuoni ni mapema?"

Janeth akaiweka pasi chini. "Mama, unataka tuachane ili wewe uchekeshe watu?"

Theodora akaokota sketi iliyofuata. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa ndiyo. Kwa kitambo kidogo, akiwa ameshika sketi ya mtoto wa darasa la tatu, ndivyo alivyotaka. Harusi ilifungwa Agosti. Alivaa kitenge kipya, akacheka inavyotakiwa, na Hezekia akampa mkono kwa ncha za vidole.

Septemba zikaja habari kwamba mradi mmoja wa afya ya uzazi unatafuta kikundi cha kuzunguka nao vijijini miezi sita. Vikundi vitatu vitacheza Mgori, mbele ya wanakijiji, na wanakijiji ndio watakaosema kipi kimewafaa. Rukaiya aliandikisha Tupeni Jambo bila kuuliza mtu, akaja dukani akasema kweli yake: "Mama Janeth, tukishindwa Mgori mimi naondoka. Nina umri wa kuolewa, siwezi kuzeeka nikiita watu waje kutazama watu wazima wakiombana radhi."

Theodora akafunga duka siku moja, akaenda Iramba kwa Mzee Antipasi. Alimkuta anapepeta uwele na wajukuu. Akamwamkia, akapiga goti, akamweleza kila kitu, na mwisho akamwomba jambo moja, amruhusu Hezekia amtukane uwanjani tu, kwa muda wa mchezo tu, wakitoka pale warudi kuwa wakwe.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "kesho Janeth akinuniana na mumewe, nani atakwenda kukaa katikati yao? Ni wewe na Hezekia. Sasa mtakwenda na uso gani, watoto wameshawaona mnaitana mbuzi mnadani?"

"Baba, watoto walikua wakituona hivyo."

"Walikuwa watoto wa watani. Sasa ni watoto wa wakwe." Akapuliza makapi. Alikuwa na huruma, hilo Theodora analikiri. "Ila kuna njia. Zamani mtu akiwa na neno zito kwa mkwe wake, hakumwambia yeye. Alimwita mtu wa katikati, akamwambia yule, naye akalifikisha. Neno likipita kwa mtu wa katikati limepoa, halina kosa."

Theodora alirudi na jibu hilo akiwa na furaha na ghadhabu kwa pamoja. Mtu wa katikati katika kikundi chao angekuwa nani, kama si Noel?

Na Mgori wakacheza hivyo. Vikundi viwili vya kwanza vilikuwa vya vijana wenye vipaza sauti na fulana za kufanana, na walikuwa wazuri. Kisha Rukaiya akasimama kwenye uwanja wa shule, akaita, "Tupeni jambo!" na mkulima mmoja akajibu, "Mpaka wa shamba!"

Theodora akaingia kutoka kushoto, Hezekia kutoka kulia. Noel akasimama kati yao amekumbatia ngoma, hana habari.

"Noel," Hezekia akasema, uso ameuelekeza kwa Noel kabisa, "mwambie huyo mama kwamba kuku wake wanajua mpaka ulipo kuliko yeye. Mwambie kila mwaka jembe lake linasogea kwangu hatua tatu, na mwaka kesho atakuwa analima kitandani kwangu, na nitamtoza mahindi. Umenisikia? Yote hayo mwambie."

Noel akageuka. Akamtazama Theodora kwa woga. "Anasema kuku wako hawajambo."

Uwanja ukalipuka. Wanawake walishikana, wanaume walipiga magoti yao kwa viganja. Hezekia alipandwa na moto wake wa zamani, maneno yakamwagika, mazuri, ya moto, yale yale yaliyokuwa yamefungiwa kooni mwaka mzima, na yote aliyamwaga kwa Noel. Noel akafikisha robo, nayo kavu, na kila alipofungua kinywa watu walilia kwa kucheka. Theodora akajibu kwa kupitia Noel. Vikacheka hata vizee. Rukaiya pembeni alikuwa anaruka kama mtoto. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba kazi imepatikana.

Na Theodora alikuwa anaungua. Hatua mbili kutoka kwake alisimama yule mtu aliyemtoa mkekani siku ile, akiwa hai tena, akiwa katika ubora wake, na alichopata yeye ni bega. Macho ya Hezekia yalikuwa yanang'aa kwa Noel, akimngoja Noel, akimchokoza Noel, ambaye hakuelewa nusu ya alichopewa. Theodora alipotupa jibu zuri, jibu ambalo zamani lingemfanya Hezekia apige kelele kwa raha, Hezekia alilisikia akitazama miti. Watu wanacheka, akawaza, na mimi siko hapa kabisa. Angeweza kuweka gunia la alizeti mahali pake.

Noel alikuwa bado anatafuta la kufikisha. Theodora akamshika mabega mawili, akamsogeza kando kama kiti.

"Hezekia," akasema. "Niangalie."

Watu wakashangilia. Walipenda.

"Sisemi na jirani wa shamba. Nasema na wewe, Hezekia fundi baiskeli. Niangalie usoni."

Kicheko kikazidi, maana nusu ya Mgori imewahi kutengenezewa baiskeli na Hezekia. Mama mmoja mstari wa mbele alimpa jirani mtoto wake amshikie ili acheke vizuri. Sauti ya Theodora ikaanza kukatika, naye hakuizuia.

"Mwaka mzima hujanitazama! Nimechoka kusema na bega lako. Binti nilikupa, tena mmoja tu niliyekuwa naye, nikampamba, nikakuletea mpaka mlangoni. Na wewe unaninyima hata tusi moja?"

Walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akavua miwani kujifuta machozi. Theodora alikuwa analia kweli, kamasi na machozi, mbele ya watu mia tatu, na kadiri alivyolia ndivyo walivyosema hajatokea mwigizaji kama huyu.

Hezekia akainua macho. Ilikuwa mara moja tu, na Theodora akaona neno limepanda mpaka mdomoni kwake. Alimjua mtu huyu, alijua lilikuwa tusi, na lilikuwa zuri. Kisha akalimeza, na shingo yake ikaonyesha likishuka. Akageuka akamtafuta Noel.

"Noel," akasema, sauti imekauka, "mwambie mkwe wangu kwamba namheshimu sana."

Noel alikuwa ameelewa. Safari hii alikuwa wa kwanza kuelewa katika uwanja mzima. Akaiweka ngoma chini, akamsogelea Theodora, na hakupunguza hata neno.

"Anasema anakuheshimu sana, mama."

Mgori nzima ikasimama, ikapiga makofi.